Dredi za Mwalimu

Bibi harusi alifika mapema kuliko ahadi, tena alikuja na bwana harusi mwenyewe. Hilo peke yake lilimchekesha wifi wa Mama Vidole, maana wanaume wengi humwacha mchumba mlangoni mwa saluni kama mzigo wa kupimwa, wakarudi jioni kuuliza kama tayari. Huyu aliingia ndani, akasalimia kwa adabu, akachagua kiti cha karibu na mlango, akaketi na kofia yake ya pikipiki mapajani.

Saluni ilikuwa chumba kimoja tu. Viti viwili vya kusukia, sinki moja, draya inayonguruma kama mtu aliyeamshwa usingizini, na kioo kirefu ambacho ufa wake ulizibwa kwa picha za mitindo. Mama Vidole alishika dredi, ndiyo kazi iliyompa hilo jina. Wifi yake, mke wa kaka yake, alishika yaliyobaki: kuosha, kusuka nywele za kawaida, na kuongea.

Bibi harusi alivua mtandio. Nywele zake zilikuwa fupi, urefu wa kiungo cha kidole, na kwenye mapanja zilikuwa chache kama majani ya kiangazi.

"Niliumwa mwaka jana," alisema, akijitazama kiooni kwa jicho la pembeni. "Homa ilipoondoka, ikaondoka na nywele. Harusi ni Jumamosi, dada. Sitaki kuolewa nikiwa kama kifaranga aliyenyeshewa."

"Kifaranga mzuri lakini," alisema wifi.

"Nataka dredi. Na nywele ninazo, sitakusumbua." Alimgeukia mchumba wake, uso ukang'aa. "Amenitafutia mwenyewe. Si za uzi hizi. Ni za mtu kabisa."

Bwana harusi akatoa mfuko wa plastiki ndani ya koti, akauweka mezani. Mama Vidole akaingiza mkono, akatoa fungu zima.

Zilikuwa dredi nzuri. Unene wa penseli, ndefu za kufika kiunoni, nyeusi juu na kahawia kwenye ncha kwa sababu ya jua la miaka. Akapitisha vidole kutoka chini kwenda juu, kama alivyozoea kufanya bila kufikiri. Sehemu ya chini ilikuwa imesokotwa kwa mkono, mviringo, laini. Alipofika karibu na shina, mtindo ukabadilika: hapo zilikuwa zimefumwa kwa sindano, zina vijongo vidogo vidogo kama ngazi.

Vidole vyake vilisimama.

Wiki mbili zilizopita rafiki yake, Mwalimu, alikuwa akitoka shuleni mchana kweupe. Alipita uchochoro wa nyuma ya karakana, njia aliyoipita kila siku. Pikipiki ikasimama mbele yake. Aliyekuwa amekaa nyuma akashuka, akamkamata kisogo, akamwinamisha kama mbuzi wa kunyolewa, na mkasi mkubwa ukafanya kazi. Dereva hakushuka wala hakusema neno. Pochi hawakuigusa. Simu hawakuigusa. Waliondoka na nywele tu.

Watu walimpa pole nusunusu. "Ah, si nywele tu? Zitaota." Hapo ndipo Mwalimu alipojifungia. Shule haendi, simu hapokei, na kitambaa hakivui hata kitandani. Mama Vidole alikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili walikaa kimya kama watu waliofiwa wakakosa maiti ya kuzika.

Nywele za Mwalimu alizianza yeye, kwa kusokota. Mwalimu alipojifungua, nywele zikadhoofika, kila akiosha zinafumuka, na ndipo wakahamia kwenye sindano. Chini kusokota, juu kufuma. Ndivyo zilivyokuwa hizi zilizo mkononi mwake sasa.

Lakini ni wanawake wangapi waliozaa wakabadilisha mtindo? Mji una vichwa vingapi? Ukimwita mtu mwizi naye si mwizi, huna pa kuuweka uso wako. Na kama ni mwizi kweli, ameketi mlangoni, nawe uko ndani.

Akakumbuka uzi. Mwaka uliopita dredi moja ya kisogoni ililiwa katikati, ikabaki kukatika. Aliishona kwa ndani, na kwa kuwa uzi mweusi ulikuwa umemwishia, alitumia wa bluu iliyoiva, akaufukia vizuri. Mwalimu alicheka siku ile. "Sasa nina siri ambayo hata mume wangu haijui."

Kama uzi huo umo, basi hakuna tena cha kujiuliza. Ila kuutafuta kunataka muda, na yule bwana alikuwa ameshaanza kutikisa goti.

"Kabla sijabandika, tuelewane kwanza mtindo," alisema Mama Vidole. Akatandaza taulo jeupe, akaanza kulaza dredi moja moja, akiminya kila moja katikati kwa kidole gumba. "Dredi si kitu kimoja, mdogo wangu. Kuna za kusokota kwa mkono. Unachukua fungu, unalipaka jeli kidogo, unalisokota mpaka likubali. Zinatoka laini, zinang'aa. Lakini ukiosha kabla hazijakomaa, unarudi kwangu na kiota cha ndege."

"Na zile nyembamba? Rafiki yangu anazo, hazifumuki."

"Hizo ni za kufuma. Ncha ya nywele inapitishwa kwenye shina lake kwa sindano, juu, chini, kulia, kushoto. Hata ukiogelea baharini zimo. Ila msusi mwenye haraka akivuta sana, panja lote linahama. Umewahi kuona paji la uso limefika utosini? Mara nyingi si uzee ule. Ni sindano."

Bibi harusi akacheka, akajishika mapanja kwa woga. Mama Vidole akaminya nyingine. Hakuna. Nyingine. Hakuna.

"Kuna na za kujiachia. Mtu hashiki kitana wala haendi kwa msusi. Nywele zinashikana zenyewe, mbili zinaoana, tatu zinagombana."

"Hizo ndizo zinazotunyima ugali," alisema wifi.

"Halafu za uzi. Nyepesi, unavaa kwa sherehe, ukichoka unavua. Kwa nywele zako changa hizi, mimi ningekushauri hizo. Dredi ya mtu ina uzito. Utaitundika kwenye nywele ambazo bado zinajifunza kusimama."

Wifi akageuka na taulo mkononi, macho yamemtoka. "Wifi! Si juzi tu ulisema dredi za uzi ni mabua?"

"Nilisema?"

"Ukapiga na meza."

Mama Vidole alitamani ardhi immeze, au immeze wifi kwanza. Bwana harusi alikuwa ameinua kichwa.

"Fundi," alisema taratibu, "nywele ni nywele. Zimeshapatikana. Bandika tu."

"Shemeji, ukienda kushona suti, unamwambia fundi kitambaa ni kitambaa?"

"Namwambia akate, ashone."

Neno "akate" lilitoka mdomoni mwake, likakaa hewani. Labda ni Mama Vidole tu aliyelisikia hivyo. Akaendelea kuminya. Dredi ya karibu na ukingo wa taulo ikamgomea kidole: katikati palikuwa pagumu, kama punje ya mchele. Akaigeuzia dirishani na kupanua nywele kwa ncha ya sindano.

Bluu. Imeiva kama wino.

Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi, mgongo kwao, mpaka uso ulipomtii.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "nenda kwa Mwalimu ukaniletee sindano yangu nyembamba."

"Nyembamba ipi? Si hiyo uliyoiweka mezani?"

"Ile imepinda."

Wifi akaichukua, akaifumbia jicho moja kama mpiga bunduki. "Imepinda wapi? Imenyooka kuliko tabia yangu."

"Imepinda, wifi." Alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa wifi yake tangu huyo aolewe na kaka yake. "Mwambie aje nayo mwenyewe. Mwambie uzi wa bluu umeonekana."

Wifi alimtazama. Hakuelewa, hilo lilikuwa wazi, lakini hakuwa mjinga. Aliweka sindano chini, akavua aproni, akavaa ndala.

"Mwalimu gani?" aliuliza bwana harusi.

"Mteja wangu," alisema Mama Vidole. "Anashona mapazia. Nilimwazima."

Wifi alipotoka, yule bwana akanyoosha mguu akausukuma mlango ukajifunga. "Vumbi," alisema. Nje hapakuwa na upepo.

Sasa hapakuwa na namna, ilibidi aanze kazi. Mama Vidole alijikaza kisabuni, akamketisha bibi harusi sawasawa, akagawa nywele za kisogoni, akachukua dredi ya kwanza. Kila sindano ilipopita aliona kama anamwibia Mwalimu mara ya pili. Alikwenda polepole kuliko alivyowahi kwenda maishani. Kutoka saluni hadi kwa Mwalimu si mbali. Lakini je, atakubali kutoka? Mtu ambaye hajatia mguu barabarani tangu siku ile, atatoka kwa ajili ya uzi?

"Dada," alisema bibi harusi, "hivi mtu mwenye nywele ndefu hivi anawezaje kuziuza? Mimi ningelia."

Mama Vidole alitazama kioo, na kioo kikamwonyesha yule bwana akimtazama yeye.

"Nilikuambia," alisema bwana harusi. "Aliamua kunyoa. Anabadilisha maisha."

"Hukuniambia ni nani."

"Mtu tu. Kuna mtu anauza nywele."

Hapa Mama Vidole alitakiwa anyamaze. Alijua hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika ncha iliyokatwa, na ulimi ukamtangulia.

"Anayenyoa kwa hiari hukata chini kabisa, karibu na ngozi, zote sawa. Hizi zimekatwa nyingine juu, nyingine katikati. Hii hapa imekatwa mshazari. Kama mtu alikuwa anafurukuta."

Draya tu ndiyo ilinguruma, wifi alisahau kuizima. Bwana harusi akasimama, akaizima mwenyewe, kisha hakurudi kwenye kiti chake. Alikuja akasimama nyuma ya Mama Vidole, karibu sana, hata harufu ya petroli kwenye koti lake ikamfikia.

"Unataka kusema nini, fundi?"

"Nasema zitanipa taabu kuzilinganisha."

"Basi zirudishe kwenye mfuko. Tutakwenda kwingine."

"Kwa nini?" aliuliza bibi harusi. "Ameshaanza."

"Nimesema tunakwenda. Inuka."

"Hawezi kuinuka," alisema Mama Vidole. Sauti yake ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Sindano imo kwenye nywele. Nikiachia hapa, ikivutika itang'oa hata hizi kidogo alizo nazo. Subiri nimalize hii."

Ulikuwa uongo, tena mkubwa. Bibi harusi akashika mikono ya kiti kwa nguvu. "Mwache amalize! Unanitia hofu, una nini leo?"

Yule bwana akanyoosha mkono kwenye taulo, akaanza kuzikusanya dredi. Mama Vidole akaligandamiza taulo kwa kiwiko, kama mtu aliyeegemea kwa bahati mbaya tu. Yule alivuta, huyu aliegemea. Bibi harusi alikuwa akiwatazama kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, na kicheko chake chote kilikuwa kimekwisha.

Mlango ukafunguliwa.

Wifi aliingia kwanza, anahema, kisha akasogea pembeni. Mwalimu alisimama kizingitini na kitambaa chake kichwani, kanga kaivaa kinyume, miguuni kandambili za mtoto. Hakumtazama yeyote. Alitazama taulo jeupe na vilivyolazwa juu yake, kama mtu anayetazama nguo zake zimeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Na hapo, kabla mtu hajamuuliza neno, kabla Mwalimu mwenyewe hajageuza macho, yule bwana akaachia taulo, akarudi nyuma, akasema:

"Mimi sikukugusa, mama. Haki ya Mungu. Mimi nilikuwa naendesha tu."

Alipokwisha kusema ndipo alipojisikia. Unaona mtu anavyotaka kuyarudisha maneno mdomoni, na maneno hayarudi.

Mwalimu akamgeukia polepole. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani. "Kumbe ni wewe. Ulikuwa umevaa kofia. Nilikuomba. Nilikuambia, kaka, mwambie mwenzako aniache. Unakumbuka?"

Yule bwana akarudi hatua nyingine nyuma.

"Uliongeza moto wa pikipiki, ili watu wasinisikie."

Bibi harusi hakugeuka. Aliongea akiwa anatazama kioo. "Dada, zitoe."

"Mdogo wangu..."

"Zitoe! Zitoe zote sasa hivi!"

Mama Vidole akazitoa, nne tu alikuwa ameziweka. Bwana harusi alipiga magoti kando ya kiti. "Nilifanya kwa ajili yako. Ulikuwa unalia kila siku. Kila ukijitazama unalia. Nilitaka ucheke siku ya harusi."

"Nilililia nywele zangu," alisema bibi harusi. "Sikulilia za mtu."

Yule bwana alitaka kumshika mkono, naye akauondoa. Basi akasimama, akachukua kofia yake. Wifi alikuwa mlangoni na ufagio, amepanua miguu. "Pita uone," alisema. Alipita. Alimsukuma wifi bega likagonga ukuta, ufagio ukaruka, na muda si muda pikipiki ikasikika ikiondoka. Mwalimu aliposikia ule mlio aliziba masikio kwa mikono miwili, akachutama pale pale sakafuni. Mama Vidole akachutama naye, akamkumbatia.

Aliyewainua ni bibi harusi. Alijifuta uso kwa taulo la saluni, akajifunga mtandio bila kujitazama kiooni.

"Najua anakokaa," alisema. "Na huyo mwenzake namjua, alikuwa awe msimamizi wetu. Mama, twende kituoni. Nitasema mimi kama wewe huwezi."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu, mwanamke huyu aliyekuwa avae nywele zake Jumamosi. Kisha akamwambia, "Subiri nivae viatu vya maana." Wifi akampa vyake.

Wote wawili walikamatwa wiki ile. Mwenye mkasi alikana mpaka alipokutanishwa na dereva wake. Ndipo kila mmoja akamtupia mwenzake lawama, na kumbe Mwalimu hakuwa wa kwanza. Walifungwa. Harusi haikufungwa. Ndugu wa yule dada walimsema sana, wapo waliomwambia kwamba mwanamume aliyeiba kwa ajili yako ni afadhali kuliko anayekuibia wewe, na yeye akawaambia waolewe naye wao. Miezi kadhaa baadaye alirudi saluni, nywele zimemrudia vizuri hata kwenye mapanja. Alitaka kuanza dredi. Walibishana nusu saa yeye na wifi, nyembamba au nene, sindano au mkono, na mwishoni akachagua za kusokota, nene kidogo, zisivute.

Mwalimu alirudi kazini kabla ya nywele zake. Polisi walizishikilia, walisema ni kidhibiti, na kesi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Siku ya kwanza alisimama mbele ya darasa na nywele fupi bila kitambaa, na mtoto mmoja wa mbele akauliza kama ni yeye au ni mdogo wake. Alisema ni yeye.

Zilipotolewa, alikuja na mfuko saluni asubuhi moja, akauweka mezani. Mama Vidole akazikagua. Tatu hazikuwemo. Zilizobaki zilikuwa zimekauka.

"Nikuambie ukweli?" alisema. "Nywele zako sasa zina afya. Ukianza upya utapata dredi bora kuliko hizi. Hizi hata nikiziunganisha, pale kwenye kiungo patakuwa dhaifu, kila mara utakuwa hapa."

"Najua."

"Na ni kazi ya siku nzima."

"Unganisha," alisema Mwalimu, akaketi. "Mwanangu alijifunza kusimama akizishikilia hizi. Ni zangu."

Kazi ikaanza. Wifi aliosha dredi moja moja, akizikamua kama mtu anayeosha mtoto mchanga, na kuongea hakuongea sana. Mama Vidole aligawa, akashika sindano, akaunga ya kwanza. Ilipofika kukata uzi, alichukua mkasi wake mdogo kwenye trei, na chuma kikalia kidogo kilipofunguka.

Mwalimu alishtuka mwili mzima. Mikono yake ilikamata kiti. "Samahani," alisema. "Endelea. Ni mkasi tu, najua ni mkasi tu."

Mama Vidole aliufungia mkasi kwenye droo, akainama juu ya kichwa cha rafiki yake, akaukata uzi kwa meno. Na wa pili hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka kazi ilipokwisha.